Kasuku Anapobadilika Ghafla: Kuelewa Homoni za Msimu wa Kuzaana na Tofauti za Kila Aina

Kasuku aliyelelewa kwa upole miaka minne huanza ghafla kuuma. Hulinda pembe moja ya sebule kama askari wa lango, humcheulia mwenye nyumba chakula mkononi, hupiga kelele alfajiri na kukataa kurudi kizimbani. Katika nyumba nyingi husemwa kwamba ndege amekuwa mkaidi, au amemchukia mtu fulani. Baada ya hapo hufuata adhabu. Ndege hupigwa, hufungiwa gizani, huuzwa kwa bei ya kutupa au huachiliwa aende zake.

Mara nyingi ndege huyo hana kosa. Mwili wake umeingia msimu wa kuzaana, na nyumba anamoishi ndiyo iliyouita msimu huo bila wenyewe kujua. Somo hili linaeleza jinsi homoni zinavyofanya kazi katika mwili wa kasuku, kwa nini baji hafanani na kasuku wa kijivu, na hatua ambazo mkazi anaweza kuchukua nyumbani kabla hali haijawa hatari kwa ndege au kwa watoto.

HOMONI HUAMSHWA NA NINI?

Homoni ni kemikali zinazotengenezwa na tezi za mwili na kusafirishwa na damu ili kuamuru viungo vifanye kazi fulani. Kwa ndege, amri ya kuzaana huanzia kwenye ubongo. Ubongo huiamsha tezi ndogo ya pituitari iliyo chini yake, nayo tezi hiyo hutoa homoni zinazoamsha korodani za dume au ovari ya jike. Nje ya msimu, viungo hivi vya uzazi husinyaa sana ili mwili wa ndege uwe mwepesi wa kuruka. Msimu ukifika hukua upya, mara nyingi zaidi ya ukubwa wake wa awali, na tabia ya ndege hubadilika pamoja navyo.

Ubongo huamua kwamba msimu umefika kwa kusoma ishara za mazingira. Ishara kubwa ni tano:

- Mwanga. Ndege ana seli ndani ya ubongo zinazohisi mwanga unaopenya fuvu la kichwa, mbali na ule unaoingia machoni. Siku ndefu humwambia kwamba wakati wa vifaranga umekaribia.
- Chakula. Chakula kingi, chenye mafuta na laini, ni dalili kwamba makinda hayatakufa njaa.
- Mvua na unyevu. Kwa ndege wa maeneo makavu, mvua ni tangazo la mbegu mpya.
- Mahali pa kutagia. Takriban kasuku wote hutaga ndani ya mashimo ya miti. Pango lolote lenye giza humkumbusha kiota.
- Mwenzi. Sauti, mguso na kulishana humwambia ndege kwamba amepata wa kuzaa naye.

Msituni ishara hizi huja kwa pamoja kwa wiki chache, kisha hupotea. Mvua hukatika, chakula hupungua, na homoni hushuka. Ndani ya nyumba haziondoki. Katika sehemu nyingi za Kenya urefu wa mchana hautofautiani kwa zaidi ya nusu saa mwaka mzima, lakini taa ya sebuleni na televisheni humwongezea ndege saa nne au tano za mwanga kila usiku. Alizeti haiishi kwenye bakuli. Chini ya kochi pana giza. Mwenye nyumba humpapasa mgongo kila jioni. Kwa kasuku, hiyo ni nyumba ambayo msimu wa kuzaana haukomi, na mwili ulioumbwa kupumzika haupati nafasi ya kupumzika.

DALILI ZA KAWAIDA

Dalili hutofautiana kwa aina, lakini hizi huonekana kwa kasuku wengi:

- Kucheua chakula na kumpa mtu, kioo au kichezeo.
- Kushusha mabawa, kuinama na kuinua mkia.
- Kujisugua kwenye kijiti, kichezeo au mkono wa mtu.
- Kurarua karatasi, mbao na nguo, na kutafuta mahali penye giza.
- Kulinda kizimba, pembe ya nyumba au mtu mmoja, na kuwashambulia wengine.
- Kelele zaidi ya kawaida, hasa asubuhi na jioni.
- Kwa jike: tumbo la chini kuvimba kidogo, na kinyesi kikubwa kinachotoka mara chache.

Umri nao ni muhimu. Baji huwa amekomaa kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Kasuku wa kijivu hukomaa akiwa na miaka 3 hadi 5. Ndiyo maana mfugaji wa kasuku wa kijivu anaweza kuishi na ndege mtulivu kwa muda mrefu, akadhani hiyo ndiyo tabia yake ya maisha, kisha akashtuka. Ndege hakuharibika, amekuwa mtu mzima.

TOFAUTI ZA KILA AINA

Kosa linalofanywa sana ni kuwatendea kasuku wote kama ndege mmoja. Kila aina ilitoka katika mazingira yake, na husoma ishara kwa njia yake.

Baji

Baji ni kasuku mdogo kutoka maeneo makavu ya Australia. Huko hana mwezi maalum wa kuzaana. Huhamahama akifuata mvua, na nyasi zinapotoa mbegu hutaga mara moja. Kwa hiyo baji huongozwa zaidi na chakula kingi kuliko kalenda. Bakuli lililojaa mtama siku zote linaweza kumweka katika hali ya kuzaana mwaka mzima.

Sauti nayo ina nguvu kwake. Katika miaka ya 1960 mtafiti Barbara Brockway wa Marekani alionyesha kwamba wimbo wa dume wa baji unatosha kukuza ovari ya jike na kumfanya atage. Hivyo kuwatenganisha dume na jike katika vizimba viwili ndani ya chumba kimoja huenda kusisaidie.

Ngozi laini iliyo juu ya mdomo wa baji, penye matundu ya pua, humsaidia mfugaji. Kwa dume mzima wa rangi za kawaida ngozi hiyo ni ya buluu. Kwa jike aliye tayari kutaga huwa ya kahawia, nene na yenye magamba. Dume ambaye ngozi yake ya buluu inageuka kahawia anahitaji daktari, kwa sababu mabadiliko hayo yanaweza kuashiria uvimbe kwenye korodani.

Baji jike anaweza kutaga bila dume. Hutaga yai moja kila baada ya siku moja hadi afikishe mayai 4 hadi 6. Mayai hayo hayaanguliwi, lakini kila yai limemgharimu kalsiamu.

Kokateli

Kokateli pia ni wa Australia, na ndiye anayejulikana zaidi kwa kutaga kupita kiasi akiwa kizimbani. Dume hupiga mluzi mrefu, hugonga vitu kwa mdomo na kuinua mabawa kidogo mbali na mwili akitembea kwa maringo. Jike huinama, huinua mkia na kutoa sauti nyororo ya kurudiarudia.

Katika aina hii wazazi wote wawili huatamia. Kwa kawaida dume hukalia mayai mchana na jike usiku. Kwa hiyo dume anayeketi sakafuni mwa kizimba kwa saa nyingi, akizomea anayekaribia, huenda anatafuta kiota wala si mgonjwa. Hata hivyo, ndege yeyote anayekaa sakafuni achunguzwe kwa makini.

Lavubadi

Hawa ni kasuku wadogo wa Afrika wenye mkia mfupi, wanaouzwa sana kwa jozi. Jike ndiye mkali zaidi. Akipata kisanduku cha kutagia hukitetea kwa mdomo mkali, na anaweza kumjeruhi ndege mwingine anayeingia.

Shughuli yao kubwa ni kurarua. Jike hukata karatasi, maganda ya mti na majani kuwa vipande virefu vya kujengea kiota. Lavubadi mwenye uso wa waridi, kutoka kusini-magharibi mwa Afrika, huchomeka vipande hivyo katika manyoya ya kiunoni na kuruka navyo. Lavubadi wa Fischer, kutoka kaskazini mwa Tanzania, huvibeba mdomoni.

Mtafiti William Dilger wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, aliwazalisha pamoja ndege wa aina hizi mbili na kueleza matokeo mwaka 1962. Chotara waliozaliwa walijaribu kuchomeka vipande manyoyani, vikaanguka. Iliwachukua muda mrefu wa kujaribu na kushindwa kabla ya kuzoea kuvibeba mdomoni. Funzo kwa mfugaji ni wazi: ndege huzaliwa na tabia hizi. Lavubadi anayerarua pazia hafanyi utundu, na kofi halitamfundisha lolote isipokuwa kumwogopa mtu.

Kasuku wa kijivu

Huyu ndiye kasuku mwenye mkia mwekundu anayesifiwa kwa kuiga maneno. Makao yake ni misitu ya Afrika Magharibi na ya Kati, na mwisho wa eneo lake upande wa mashariki unafika magharibi mwa Kenya, ambako wachache wamebaki katika Msitu wa Kakamega. Msituni jozi hutaga mayai 2 hadi 4 ndani ya shimo la mti mrefu. Jike huatamia kwa takriban mwezi mmoja huku dume akimletea chakula.

Kasuku wa kijivu hufungamana sana na mwenzi mmoja. Akilelewa peke yake, mwenzi huyo huwa binadamu. Humcheulia chakula mtu aliyemchagua, humwita kila anapotoka, na kumuuma mume, mke au mtoto anayemkaribia. Wengine hawaonyeshi ukali, bali hugeuza shida ndani kwa ndani na kujinyonyoa manyoya ya kifua na mapaja.

Aina hii ina udhaifu mwingine. Kasuku wa kijivu hupungukiwa na kalsiamu kwenye damu kwa urahisi kuliko kasuku wengi, hasa akilishwa alizeti na karanga tu na kunyimwa jua. Akipungukiwa hutetemeka, huanguka kutoka kwenye kijiti au kupata degedege. Jike wa kijivu anayetaga huku akila mbegu tupu yuko hatarini.

Kasuku wa Amazoni, kakatua na makau

Hawa wa Amerika na Australasia hawapatikani katika nyumba nyingi hapa nchini, lakini wanapofugwa ukubwa wao hufanya msimu uwe jambo zito.

Dume wa Amazoni hutoa onyo kabla ya kushambulia: mboni ya jicho hupanuka na kusinyaa haraka, mkia hufunguka kama upepo wa mkono, na manyoya ya shingo husimama. Wakati huo si wa kumchukua mkononi. Msimu ukipita, wengi hurudia upole wao.

Kakatua hudai kubembelezwa kuliko kasuku wengine, na hapo ndipo tatizo huanzia. Kakatua anayepapaswa mwili mzima kila siku huishi katika hamu isiyoisha. Baadhi hujikaza mara kwa mara hadi nyama ya njia ya haja hutokeza nje, jambo linalohitaji daktari siku hiyohiyo. Dume wa kakatua anaweza pia kumshambulia na hata kumuua jike waliyewekwa pamoja kizimbani.

Makau hulinda eneo na mtu wake. Mdomo wake hupasua njugu ngumu, kwa hiyo watoto wasiachwe naye bila mtu mzima, msimu uwepo au usiwepo.

HATUA ZA KUCHUKUA NYUMBANI

Homoni hazizimwi kwa adhabu. Hutulia nyumba inapoacha kutuma ishara za msimu. Hatua zifuatazo zifanywe kwa pamoja na kwa wiki kadhaa, kwa sababu mwili wa ndege haubadiliki kwa siku mbili.

1. Apewe usiku wa kweli. Kasuku alale saa 10 hadi 12 katika chumba chenye giza na kimya. Mfano, alazwe saa moja jioni na kufunuliwa saa moja asubuhi. Kama kizimba kiko sebuleni penye televisheni, ahamishiwe chumba kingine jioni. Kitambaa juu ya kizimba hakizuii kelele, na kitambaa chepesi hakizuii mwanga.

2. Aguswe kichwani na shingoni tu. Kwa kasuku, mgongo, chini ya mabawa, tumbo na mzizi wa mkia ni sehemu zinazoguswa na mwenzi. Kila anayeishi nyumbani afuate kanuni hii, wakiwemo watoto na wageni.

3. Aondolewe kila kinachofanana na kiota. Visanduku, vibanda vya nguo, vyungu, katoni na nafasi za chini ya kochi au ndani ya kabati viondolewe au vizibwe. Kwa lavubadi na baji, hata kipande cha bomba kinatosha kuwa kiota.

4. Kioo kiondolewe. Baji na kokateli hukichukulia kivuli chao kuwa mwenzi, wakakicheulia chakula hadi wakonde. Kichezeo anachojisugulia nacho kiondolewe.

5. Chakula kipimwe. Asilishwe chakula cha moto na laini kila siku, wala kwa mdomo wa mtu. Alizeti na karanga zipunguzwe polepole, na mahali pake pachukuliwe na mboga kama sukuma wiki, karoti na pilipili hoho. Kwa baji, mtama na wimbi vipimwe asubuhi na jioni badala ya kuachwa bakulini siku nzima. Lengo si kumnyima ndege, bali kumwondolea dhana kwamba mavuno hayaishi. Parachichi lisitolewe kamwe, kwani ni sumu kwa kasuku.

6. Apewe kazi. Msituni kasuku hutumia sehemu kubwa ya siku akitafuta chakula. Mbegu zifichwe ndani ya gunzi la mahindi au karatasi iliyokunjwa. Matawi ya mpera yenye maganda humpa kazi ya kutafuna. Kwa lavubadi anayekusanya vipande ili ajenge kiota, karatasi isitumike. Matawi mazito yanafaa zaidi.

7. Mpangilio wa kizimba ubadilishwe. Kukisogeza kizimba na kupanga upya vijiti hupunguza tamaa ya kulinda eneo. Kisiwekwe pembeni penye giza wala karibu na moshi wa jiko.

8. Apate jua. Jua la asubuhi, kukiwa na kivuli cha kukimbilia, husaidia mwili kutengeneza vitamini D na kutumia kalsiamu. Jua la kupitia kioo cha dirisha halitoshi, kwa sababu kioo huzuia miale inayohitajika.

Katika wiki za ukali, ndege abebwe kwa kijiti badala ya mkono, na asikae begani karibu na macho. Akiuma, awekwe chini kwa utulivu bila kelele. Kupiga mayowe humfurahisha anayetafuta umakini, na kofi humjeruhi.

JIKE ANAPOTAGA

Wengi huona yai na kulitupa mara moja. Kwa jike hilo ni kama yai lililoliwa na nyoka, hivyo hutaga lingine kulifidia. Ni heri mayai yaachwe, au yabadilishwe na ya bandia yenye ukubwa uleule, hadi atakapochoka kuyakalia mwenyewe. Kama dume yupo na vifaranga havitakiwi, mayai yachemshwe, yapoe, kisha yarudishwe. Wakati huo aongezewe kalsiamu: mfupa mweupe wa ngisi, au maganda ya mayai ya kuku yaliyochemshwa, kukaushwa na kusagwa.

Hatari kubwa ni yai kukwama. Hutokea zaidi kwa baji, kokateli na lavubadi, na kwa jike yeyote aliyepungukiwa na kalsiamu au aliyetaga mfululizo. Dalili ni hizi:

- Kukaa sakafuni mwa kizimba akiwa amejivimbisha manyoya.
- Kujikaza bila yai kutoka, mkia ukipanda na kushuka anapopumua.
- Miguu kulegea au kushindwa kushika kijiti.
- Kutotoa kinyesi.

Hii ni dharura ya saa, si ya siku. Ndege awekwe mahali penye joto, tulivu, na apelekwe kwa daktari wa mifugo mara moja. Tumbo lisikamuliwe, na yai lisivutwe kwa mkono. Likipasukia ndani linaweza kumuua. Kwa jike anayetaga bila kukoma, daktari anaweza kutumia sindano au kipandikizi cha homoni kinachopumzisha ovari. Dawa za homoni za binadamu zisitumike.

SI KILA UKALI NI HOMONI

Kasuku ni ndege anayewindwa, na anayewindwa huficha udhaifu wake. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na kwa kasuku jambo hilo hutokea kweli. Anayejinyonyoa manyoya anaweza kuwa na wadudu, ugonjwa wa ini au upungufu wa vitamini A. Anayeuma ghafla anaweza kuwa na maumivu. Tumbo lililovimba linaweza kuwa yai, lakini pia linaweza kuwa uvimbe au maji.

Ndege anayekonda, anayelala mchana kutwa, anayepumua kwa shida au mwenye kinyesi cha kijani kibichi kwa siku kadhaa aonwe na daktari. Baadhi ya magonjwa, kama homa ya kasuku inayosababishwa na bakteria aitwaye Chlamydia psittaci, huambukiza binadamu na kuleta homa, maumivu ya kichwa na kikohozi. Kizimba kisafishwe kwa kulowesha kinyesi kwanza ili vumbi lisipande, mikono ioshwe kwa sabuni, na kasuku asibusiwe mdomoni. Mfugaji anayeugua homa na kikohozi amweleze mhudumu wa afya kwamba nyumbani kuna kasuku.

SHERIA, NA KWA NINI KUACHILIA SI SULUHISHO

Wengine hushauriwa wamtafutie kasuku wa kijivu mwenzi ili atulie. Ushauri huo una hatari mbili. Kwanza, ndege wawili wakubwa wasiojuana wanaweza kuumizana, na msimu haupungui bali huongezeka. Pili, kasuku wa kijivu analindwa. Tangu Januari 2017 yumo katika Kiambatisho cha Kwanza cha mkataba wa kimataifa wa CITES, kinachozuia biashara ya kimataifa ya ndege waliotolewa msituni. Hapa nchini, wanyamapori hulindwa na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, na anayemfuga kasuku wa kijivu anapaswa kuwa na kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Kabla ya kununua, kuuza, kupokea zawadi au kuzalisha, mkazi aulize afisi ya KWS iliyo karibu.

Kumfungulia dirisha nako si huruma. Kasuku aliyezaliwa kizimbani hajui kutafuta chakula wala kukwepa mwewe. Wale wanaofaulu kuishi huleta shida nyingine. Lavubadi walio porini karibu na Ziwa Naivasha si wenyeji wa hapo. Wanatokana na ndege wa kufugwa waliotoroka au kuachiliwa. Lavubadi wa Fischer na wale wenye shingo ya manjano, aina mbili zilizotoka Tanzania, wamezaana huko hadi kupatikana chotara. Dirisha likishafunguliwa, matokeo yake hayarudishwi ndani.

Anayeshindwa kabisa kumtunza ndege wake azungumze na daktari wa mifugo au KWS ili apate njia halali. Kasuku wa kijivu anaweza kuishi miaka 40 au zaidi. Anayehamishwa nyumba kila homoni zinapopanda hupoteza kila mara mtu aliyemhesabu kuwa mwenzi wake, na huko aendako humkuta mtu mwingine asiyejua kinachomsumbua.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kokateli jike anayeishi peke yake ametaga mayai matatu. Je, yatupwe?
2. Kwa nini kumtenga baji dume katika kizimba kingine chumbani humo huenda kusimzuie jike kutaga?
3. Kasuku wa kijivu humuuma kila anayemkaribia mama mwenye nyumba, ambaye humpapasa mgongo kila jioni. Ni jambo gani libadilishwe kwanza?
4. Lavubadi jike yuko sakafuni, amejivimbisha na miguu imelegea. Familia ingoje hadi lini?

Majibu

1. Hapana. Yaachwe au yabadilishwe na ya bandia hadi ayaache mwenyewe, na aongezewe kalsiamu.
2. Wimbo wa dume pekee unaweza kukuza ovari ya jike.
3. Mguso. Aguswe kichwani na shingoni tu, na watu wengine wa nyumbani washiriki kumlisha.
4. Isingoje. Apelekwe kwa daktari wa mifugo mara moja, akiwa amewekwa penye joto.

Wakazi wanaofuga kasuku wanahimizwa kuandika kila siku, kwa wiki nne, saa ambazo ndege amelala, alichokula, mahali alipoguswa na alichofanya. Kurasa hizo zipelekwe kwa daktari wa mifugo katika afisi ya kaunti ndogo wakati wa kuomba ushauri. Ndege hawezi kujieleza, na mara nyingi kumbukumbu hizo humwonyesha daktari chanzo cha tatizo kabla hata ya kumchunguza.